Beseni la Dada

Mimi si mtu wa kusema. Shuleni, mwalimu akiuliza swali, nilikuwa najua jibu na bado natazama dawati. Nilimaliza darasa la saba hivyohivyo, na sidhani kama kuna mwalimu anayeikumbuka sauti yangu. Kuandika naweza, ila polepole. Naandika, nafuta, naandika tena.

Kwa sababu ya huo ukimya niliingizwa kwenye kamati ya zahanati. Mkutano wa kijiji ulitaka kijana mmoja wa kike. Mtu akasema kutoka nyuma, "Mchagueni yule, hatasumbua." Watu wakacheka, wakanyoosha mikono. Mimi nikajifunika kanga mpaka puani.

Sisi tunakaa Delta, mto unapoingia baharini, upande wa visiwa. Ukitaka gari lazima kwanza uvuke maji mpaka Nyamisati, na maji yenyewe hayakungoji. Yakipwa, mito inabaki tope na mizizi ya mikoko, na hata mtumbwi mdogo unakaa chini kama bata. Mwaka huo nilikuwa nakaa kwa dada yangu. Mume wake alikuwa dago, yaani kambi ya wavuvi, kwenye uvuvi wa kamba, upande wa Mbuchi. Dada alikuwa na mimba ya pili.

Mimba ya kwanza alijifungua nyumbani, akatokwa na damu nyingi. Tulimpeleka hospitali kwa mtumbwi, wanaume wanapiga kasia, mimi nimeshika kichwa chake. Damu ilichanganyika na maji yaliyoingia mtumbwini, na sikuweza kujua ni nyingi kiasi gani. Alipona. Lakini tangu siku ile, nikisikia kasia linagonga ubavu wa mtumbwi, naacha ninalofanya na kumtafuta dada kwa macho.

Basi mara hii nesi wetu alimwambia, "Wewe usithubutu kuzalia nyumbani. Damu iliyomwagika mara ya kwanza inajua njia."

Dada akajibu, "Na ikimwagika hapa kwako, utanipeleka na nini?"

Nesi akageukia dirisha. Wote watatu tulitazama nje, ilipolala boti ya wagonjwa. Ilikuwa boti nzuri, nyeupe, ina mstari mwekundu ubavuni. Ilikuwa haina mashine. Mashine ilichukuliwa kwenda kutengenezwa tangu kabla ya masika, na kila kikao cha kamati nesi aliuliza imefikia wapi, na mtendaji wa kijiji alijibu, "Inafuatiliwa." Watoto walicheza humo. Kuku wa jirani alitaga chini ya kiti cha nahodha, na nesi akasema angalau kuna anayejifungulia ndani ya boti.

Siku moja mtendaji alipita nyumba kwa nyumba. Alisema keshokutwa kuna ugeni mkubwa kutoka juu, unakuja kukagua zahanati, na kijiji kisitie aibu.

Hapa nieleze jambo moja la kwetu. Sisi tunasitiriana. Nyumba ikifikwa na harusi au posa, majirani huleta mikeka mizuri, masufuria, vikombe, mito ya kulalia, na mgeni hawezi kujua kipi cha mwenye nyumba na kipi cha jirani. Hakuna anayeona ni uongo. Mgeni haonyeshwi mkeka uliotoboka. Basi wanawake walipoambiwa zahanati ina wageni, walifanya kama walivyozoea. Walibeba magodoro kichwani. Wakaleta shuka, ndoo zenye mifuniko, mapazia, hata saa ya ukutani. Mtendaji alisimama mlangoni akielekeza, amefurahi kama baba wa bibi harusi.

Dada naye alinituma. Alikuwa amejiandaa vyake vya kujifungulia, alivyonunua kidogokidogo kutoka Kibiti: mpira wa kulalia, glovu, pamba, nyembe, na beseni la buluu lenye maua ndani. Chumba cha kuzalia hakikuwa na hata kimoja cha hivyo.

"Peleka," alisema. "Watarudisha."

"Na ukishikwa na uchungu?"

"Nitaubana."

Alicheka. Mimi sikucheka. Nilivipanga kwenye rafu ya chumba cha kuzalia, chini ya karatasi iliyobandikwa ukutani inayosema huduma ya uzazi ni bure. Nilipotoka nikageuka kutazama. Kilionekana chumba cha kweli.

Mashine nayo ilifika. Mtendaji aliiazima kutoka zahanati ya kijiji cha pili, ikaja na nahodha wake, mtu mfupi wa kofia. Wakaifunga kwenye boti yetu. Kuku alifukuzwa na mayai yake yakahamishwa.

Ugeni ulipofika, mkubwa wao alikuwa mama wa makamo, ana miwani na buti zilizojaa tope. Alikagua chumba kwa chumba. Akagusa magodoro. Akafungua mifuniko ya ndoo. Sisi wa kamati tulimfuata nyuma. Kwenye chumba cha kuzalia alisimama mbele ya rafu, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Baadaye tulikusanyika nje, kijiji kizima, na akasema, "Hongereni. Huko tulikopita kuna zahanati hazina hata mpira wa kuzalia. Nyinyi mnavyo, na boti yenu ni nzima. Basi vifaa vya awamu hii tutawapelekea wenzenu wenye shida zaidi."

Watu wakapiga makofi. Nahisi mikono yao ilipiga kabla masikio hayajasikia. Nesi peke yake hakupiga. Alikuwa ananitazama mimi, mimi nikatazama chini.

"Kuna mwenye neno?" yule mama akauliza.

Mtendaji akasema, "Sisi hapa, mheshimiwa, ni shukrani tu."

Dada alikuwa amekaa mkekani pamoja na wanawake. Nikamwona anajisogeza, mkono mmoja unashika kiuno, na uso wake unakunjamana kidogo, halafu unarudi. Labda ilikuwa uchovu wa kukaa tu. Lakini mimi nilisikia kasia linagonga mtumbwi. Nilisimama. Sikuamua kusimama, ila nilijikuta niko juu na watu wako chini.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Sema, mwanangu."

"Naomba mkishamaliza nichukue beseni."

"Beseni gani?"

"La buluu. La dada yangu. Na mpira, na glovu, na pamba. Yuko karibu kujifungua."

Nilisikia maji yanatoka kwenye mikoko. Niliona nimekosa jambo kubwa ambalo halina jina, na nilitaka kukaa. Ndipo bibi mmoja, jirani yetu, akasema bila kuinuka, "Na lile godoro la kitanda cha mwisho ni langu. Jana nimelala chini, mgongo wote unauma."

Kicheko kikapasuka. Mwingine akataja shuka zake. Mwingine akaitaja saa, akasema na isisahauliwe, ni ya mahari. Yule mama alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya ushungi, akaivaa tena.

"Na mashine ya boti?" akauliza.

Kicheko kikakatika. Mtendaji alianza kusema neno, lakini yule nahodha wa kofia, aliyekuwa amechuchumaa nyuma, akamtangulia.

"Ile naondoka nayo mimi, mama. Maji yakijaa."

Mama akamgeukia mtendaji. Hakupandisha sauti.

"Yenu iko wapi?"

"Inafuatiliwa, mheshimiwa."

"Na nani?"

"Na sisi."

"Mnamfuatilia nani?"

Mtendaji akapekua karatasi zake. Nilimhurumia kweli, kwa sababu nilimfahamu mtu anayetafuta neno na halipo.

"Mashine hii irudi ilikotoka leo," mama alisema. "Mimi nitaulizia ya kwenu. Na jibu sitampa mtendaji. Nitalileta hapahapa, mbele ya hawa."

Wageni walipoondoka, mashine nayo ikaondoka. Nilibaki na beseni kichwani na kijiji mgongoni. Mwanamke mmoja aliniambia njiani, "Umetuvua nguo mbele za watu, binti." Mwingine akasema, "Kumbe kimya chako kilikuwa kinafuga chui." Jioni mtendaji alikuja nyumbani, akasimama uani, akakataa kiti.

"Bibie," akasema, "mimi nilishawaomba wenye mashine watuachie mpaka dada yako ajifungue. Walishakubali. Sasa imekwenda. Wewe omba Mungu."

Maneno hayo yalinikaa kifuani. Nilimwangalia dada anafagia, anachuja nazi, na kila alipoinama niliona nimemchimbia shimo kwa mdomo wangu, mdomo ambao siku zote ulikuwa umefungwa. Nilimwambia twende Kibiti tukangojee huko. Akasema, "Kwa nani, na kwa nauli gani?" Halafu akasema, "Ulisema lililo kweli. Acha kunitazama kama maiti."

Uchungu ulimshika asubuhi moja, watu wanakwenda mashambani kuamia mpunga, kufukuza ndege. Tulitembea mpaka zahanati, nimebeba beseni na vyake vyote. Chumba kilikuwa kimerudi kuwa kitupu. Nesi alitandika mpira wa dada, akavaa glovu za dada. Kabla ya adhuhuri mtoto alitoka, wa kike, akalia vizuri. Nikafikiri tumevuka.

Halafu nesi akasema kwa sauti ndogo, "Lete beseni."

Sitaandika yote. Maua ya ndani ya beseni hayakuonekana tena. Nesi alimchoma sindano ya kuzuia damu, na nilimwona anatazama kwenye kisanduku kama ipo nyingine, na haikuwepo. Alikandamiza tumbo kwa mkono mmoja, kwa mkono mwingine akanipa simu yake. "Mpigie yule nahodha wa kofia. Toka nje, karibu na mnazi, ndipo inashika."

Nilimpigia mtu ambaye sijawahi kusema naye. Salamu niliziacha. "Dada yangu anatokwa na damu."

"Maji yamepwa," akasema. "Sasa hivi siwezi kutoka. Yakianza kuja tu, nipo njiani. Mwambie nesi asiache kukandamiza."

Tukangoja maji. Sijui kuwaeleza watu wa bara kungoja maji ni nini. Hakuna wa kumbembeleza. Nilikuwa natoka kutazama tope, narudi kutazama uso wa dada, natoka tena. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Aliniuliza mara kwa mara kama mtoto amefunikwa. Nilimjibu amefunikwa. Tope lilipoanza kung'aa kwa maji, nilikuwa siwezi tena hata kuomba.

Boti ikaja. Wanaume walimbeba dada juu ya kitanda cha kamba, tope linawafika magotini, na mtendaji alikuwa mmoja wao, ameshika miguu ya mbele ya kitanda, suruali yote imelowa. Nesi alinipa chupa ya dripu. "Inyanyue. Usishushe mkono."

Tulipokuwa katikati ya mto, nahodha alinitazama chini ya kofia yake.

"Wewe ndiye wa beseni?"

"Ndiyo."

"Mkono juu."

Nikanyanyua. Baadaye nikamuuliza kama ni kweli walikubali mashine ibaki kwetu. Alipinda kona ya mto kwanza.

"Wakubwa walikubali, mimi sikutaka," akasema. "Siku ile ilipokuwa kwenu, kwetu kulikuwa na mtoto wa degedege. Mama yake alikaa naye ufukweni anatazama maji, mpaka niliporudi. Mungu alimsitiri mtoto, akapona. Na ingebaki kwenu bila mimi, nani angeiwasha? Mtendaji?"

Nilitazama mashine inavyotetemeka. Woga wangu haukupungua, ulipata mtu mwingine wa kumwogopea, mama yule nisiyemjua pale ufukweni.

Hospitalini dada aliongezewa damu. Alirudi nyumbani akiwa mwembamba, mkali, mzima.

Sasa nimefika siku niliyoanza kuandika haya. Tumeambiwa kesho ugeni unarudi, na yule mama yumo. Boti bado haina mashine, na kuku amerudia mahali pake. Mchana mtendaji alipita, akasimama uani kama ile jioni. Alitazama huku na huku.

"Lile beseni," akaanza.

Dada alikuwa ananyonyesha. "Lina nepi za mtoto," akasema.

Mtendaji akaliangalia. Kweli lilikuwa na nepi, zimeloweka, povu juu. Akasema, "Basi. Wakute hivyohivyo." Na hakuingia nyumba ya jirani, alikwenda moja kwa moja njia ya ofisini kwake.

Alasiri nilikwenda kumsaidia nesi kufagia. Tulipangusa rafu ya chumba cha kuzalia, tukaiacha tupu. Nesi alisema tuache na mlango wazi.

Kesho yule mama atauliza kama kuna mwenye neno. Watu watanigeukia, najua. Nimeshaliandika neno langu, nikalifuta, nikaliandika tena. Nitamuuliza mashine ya kwetu iko wapi. Halafu, kabla sijakaa, nitauliza kijiji cha nahodha kimepelekewa nini katika vile vifaa.