Damu ya Mwende ilisema ana mimba, na mimi sikuwa nimemgusa

Wakuu, hamjambo humu. Haya nayaandika vile yalivyotokea, hata pale ninapoonekana mjinga nimeacha hivyo hivyo.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa kibarua wa shamba pale Kiboko. Masomo yangu yaliishia darasa la nane lakini ndoto, wacha tu! Nilikuwa nimechagua mpaka rangi ya mlango wa studio yangu ya picha, na kamera sina.

Mchumba wangu aliitwa Mwende, wa Ikutha. Baba yake alikuwa broker wa mbuzi, na Mwende ndiye alikuwa daktari wao. Kudunga sindano, kukama, kumzalisha mbuzi akikwama, mkono ndani mpaka kwa kiwiko.

Sasa kanisa letu lilikuwa na sheria: kabla ya harusi, bibi harusi anapimwa mimba.

Zamani walipima mkojo. Halafu dada mmoja wa kwaya akaleta mkojo wa mdogo wake, na mtoto akazaliwa miezi minne baada ya harusi. Tangu hapo wazee wakasema ni damu tu, na mama pastor awe hapo akiona sindano ikiingia.

Damu ya Mwende ikapelekwa lab Nairobi. Jibu likarudi: positive.

Wakuu, mimi nilikuwa nimemshika mkono tu, tena tukitoka fellowship.

Wazee wakanitazama. Mimi nikamtazama Mwende.

"Sijalala na mtu," akasema. Hakulia.

Nami nikageuza macho.

Harusi ikasimamishwa. Kiboko sikutulia hata kidogo. Nalima mstari mmoja, nasimama, nahesabu miezi kwa vidole. Alienda lini kwa shangazi yake Kwa Vonza? Na yule dereva wa lori la mbuzi, mbona wanacheka sana? Nilimpenda huyo msichana na huku namtafutia kosa.

Mwende hakungoja mtu. Alibeba ile karatasi akaenda hospitali ya misheni upande wa Kitui, akaniita niende pia.

Mzee wa lab akaisoma, akauliza, "Unafanya kazi gani, mama?"

"Mbuzi."

"Mbuzi aje?"

"Kuzalisha, kudunga, kukama. Tangu utoto."

"Mkojo walipima?"

"Kanisa limekataa mkojo."

"Aiya! Kanisa lilisomea lab wapi?"

Akapima mkojo hapo hapo. Negative. Akamwambia arudi baada ya wiki mbili, akapima tena. Negative. Na hedhi yake ilikuwa imekuja kama kawaida.

Alitueleza hivi: kipimo kile cha damu hutumia askari wa mwili waliotolewa kwa mbuzi. Mtu aliyeishi na mbuzi sana, damu yake inaweza kutengeneza askari wa kupigana nao. Wakikutana ndani ya kipimo wanashikana, na mashine inasoma mimba. Kwa mkojo hawafiki.

Akaandikia kanisa barua. Mama pastor alilia, akamkumbatia Mwende akimwomba msamaha. Mimi nikaruka, "Sasa harusi iendelee!"

Mwende akanigeukia. "Wewe uliniamini siku gani?"

Ningeweza kudanganya.

"Siku ya mkojo," nikasema.

"Basi kanisa liko tayari. Mimi bado."

Akarudi Ikutha.

Miezi minane, wakuu. Kila siku ya off nilienda kwao kumshikia mbuzi akidunga. Baba yake akinicheka, "Huyu kibarua wa bure tumemtoa wapi?" Nilikanyagwa, nikapigwa pembe. Siku moja Mwende akaosha mikono, akaniambia, "Mwambie pastor achague tarehe." Kisha akaongeza, "Na damu sitoi tena."

Hakuna aliyethubutu kumwomba.

Nilichojifunza: ukipata jibu la lab ambalo halifanani na mtu unayemjua, omba kipimo cha aina nyingine, na mweleze daktari kazi unayofanya. Lakini hilo ni la hospitali. Langu ni hili: ile karatasi ilikosea kwa sababu ya mbuzi. Mimi nilikosea bila sababu yoyote.

Kuna mwingine humu ambaye kipimo kilimsingizia? Tuambie, na utuambie pia nani alikuamini kabla ya jibu la pili.