Rula atafuta mlango wake ndani ya kompyuta

Saa nne asubuhi. Katika chumba cha nyuma chenye makopo ya rangi iliyokauka, mzee wa miaka sitini na mmoja amekaa mbele ya kompyuta iliyofutika nusu ya herufi za vibonyezo. Mkono wa kushoto umeukamata wa kulia kwenye kifundo, kama anayemzuia kuku asiponyoke. Kidole kimoja kinadonoa namba: elfu nne mia mbili na tatu.

Kioo kinajaa taratibu. Kikonyo cha mmea kinapanda, kinajikunja, kinatoa majani huku na huku. Mzee anasogea, anatazama, anatikisa kichwa.

"Siyo," anasema, na kuikata namba ile kwenye daftari.

Mtaani wanamwita Rula. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa mchora mabango, na jina hilo alipewa kwa sababu alivuta mstari ukanyooka bila kuegemeza mkono popote. Saluni, maduka ya dawa, shule. Wiki haikupita bila mabango matatu. Huu ni mwaka wa tatu mkono unatetemeka, na hospitali wamemwambia hautatulia. Bango la mwisho aliliharibu kwenye herufi ya pili.

"Mwenye duka angenitukana ningepona," anasema. "Alinionea huruma. Nikakusanya brashi zangu, nikaondoka."

Binti yake ndiye aliyemsukuma kwenda darasa la kompyuta pale maktaba, mara mbili kwa wiki. Wanafundisha lugha nyepesi ya programu, ya watu wasiojua kitu: unaandika maagizo, kompyuta inachora. Mstari, duara, geuka kidogo, rudia mara mia. Rula alikaa na wanafunzi wa rika la wajukuu zake, akasahau mabano na mikato mpaka aibu ikamwisha yenyewe.

Mstari wake wa kwanza ulitoka umenyooka kama wa zamani. "Nikautazama weee," anasema. "Nikaona una kasoro. Hauna mtu ndani yake."

Mwalimu akamwonyesha dawa: aiachie kompyuta ibahatishe, jani hili lilale, lile lisogee kidogo. Picha zikapata uhai, na kila akibonyeza ikatoka mpya. Hapo ndipo alipoponzwa.

Mkewe ana presha ya macho. Jicho moja lilishazima, la pili linaona kama kupitia kitundu tu. Miezi mitatu iliyopita alipita na kikombe cha chai, akainama nyuma ya mumewe mpaka pua ikakaribia kioo.

"Mume wangu, huu si mlango wetu?"

Ulikuwa wenyewe. Walipokuwa wachumba, Rula alichora mmea unaotambaa kwenye mlango wa chumba chao cha kwanza cha kupanga. Nyumba ile imeshabomolewa, na picha hawana.

Kwa furaha akabonyeza tena, ili amkuzie auone vizuri. Ukaja mmea mwingine. Akabonyeza tena, mwingine.

"Hukuweka namba ya kuanzia, mzee wangu?" mwalimu alimuuliza kesho yake.

Kila picha huota kutokana na namba. Wenyewe wanaiita mbegu. Ukiiandika, picha ileile hurudi. Usipoiandika, kompyuta hujichagulia yake na haikwambii. Somo hilo Rula alikuwa hajalifikia. Maji yakimwagika hayazoleki.

Tangu siku hiyo anajaribu namba moja moja. Mwalimu hakumficha kwamba ziko mabilioni, na kwamba huenda asiipate maishani. "Kuhesabu najua," Rula humjibu.

Kinachomkimbiza ni lile jicho. Daktari amesema dawa ya matone inachelewesha tu, kilichokwenda kimekwenda. Na Rula mwenyewe majani ya mlango ule ameyasahau. Aliyeyatazama kila siku ni mkewe. Kwa hiyo picha zinazokaribia huziwekea alama, na baada ya chakula cha mchana humwita. Mkewe hukaa kwenye kigoda na kumkosoa: "Jani nene hilo! Langu lilikuwa jembamba, usinidanganye."

Alhamisi iliyopita alimwita tena. Mama yule akasogeza uso, akatabasamu.

"Ndiyo hii, mume wangu. Umeipata. Usibonyeze tena."

Rula anasimulia haya akiwa amesimama mlangoni, sauti ameishusha. Jikoni mkewe anasikika akipapasa vikombe.

"Kompyuta ilikuwa imejizima," anasema. "Kioo cheusi tii. Sijui alidhani anaona, au na yeye alinionea huruma. Nikamwambia ndiyo, nimeipata."

Bado anatafuta, ila kimyakimya. Akifika elfu tano bila kuuona mmea ule, atachagua mmoja ulio mzuri, ampelekee seremala auchonge kwenye ubao, mistari izame. Atautundika mlangoni, mkewe aufuate kwa vidole.

"Vidole vyake havitetemeki," anasema.

Je, habari ya kioo cheusi iandikwe gazetini? Rula anafikiri, mkono wa kushoto ukiwa bado umeushika wa kulia.

"Andika. Humu ndani gazeti namsomea mimi. Hapo nitaparuka."