Saa Kumi ya Mama Birika

Juu ya mlango wa karakana yake pameandikwa kwa rangi nyekundu: BIRIKA – VITI VYA MAGARI. Wateja wapya hudhani wamekosea duka. Wenyeji wanajua kwamba jina lilianza kama kejeli. Fundi jirani ndiye aliyelianzisha, akimwita mkono wa birika kwa sababu alikuwa akiokota misumari iliyong'olewa kwenye viti vya zamani, akiinyoosha kwa nyundo na kuitumia tena. Mama Birika alipochoka kusikia jina likipita nyuma ya mgongo wake, alimlipa mchoraji alipandishe ukutani.

"Sasa mnisengenye kwa kusoma," aliwaambia.

Mama Birika ana miaka hamsini na mitatu, ni mjane, na amevalisha viti vya magari kwa miaka ishirini na miwili. Mwaka jana cherehani yake ya ngozi ilikatika shafti, na kipuri chake hakitengenezwi tena popote. Kwa miezi saba alibeba ngozi alizokwisha kukata hadi kwa fundi jirani, hatua hamsini, akashone kwa cherehani ya mwenzake na kulipia kila kiti. Jirani alimpa zamu ya mwisho siku zote. Alipenda pia kumpokea mbele ya watu.

"Karibu mama, cherehani yako inakusubiri," angesema, kisha ajishike mdomo. "Samahani. Yangu."

Kwa hiyo barua ilipofika kutoka kiwanda cha masanduku ya safari, kilichokuwa kinafungwa na kuuza mashine zake, aliisoma akiwa amesimama. Ombi lake limekubaliwa. Cherehani moja ya ngozi nzito imetengwa kwa jina lake, kwa bei iliyotajwa. Malipo yote yakamilike Ijumaa kabla ya saa 10:00.

Bei ilimeza karibu akiba yake yote. Kilichobaki kisingetosha nauli ya basi kwenda na lori la kukodi kurudi, maana kiwanda kiko umbali wa kilomita mia tisa na ishirini. Lakini alikuwa na pikapu ya marehemu mumewe, na alikuwa na shemeji.

Shemeji huyo, mdogo wa marehemu, aliendesha mabasi ya masafa kwa miaka ishirini na minane hadi alipostaafu. Katika miaka hiyo yote hajawahi kulipia sahani ya chakula njiani. Dereva anayeshusha abiria sitini mbele ya mkahawa hulishwa bure na kuitwa mheshimiwa. Alipoona maandalizi ya safari, alishika kiuno. Kulikuwa na mkate, mayai ya kuchemsha, viazi, madumu mawili ya maji, jiko dogo la gesi na birika.

"Shemeji, tunasafiri au tunahama?"

"Tunasafiri. Wanaohama ni wale wanaoacha mshahara wao hotelini."

"Watu watasema nini wakiniona mimi nachemsha chai kando ya barabara?"

"Watasema una chai."

Mengine aliyapanga kama anavyopima kiti. Matairi aliyajaza upepo jioni iliyotangulia. Alishusha kila kitu kisichohitajika nyuma ya pikapu, hata tairi la pili la akiba ambalo marehemu alilibeba kwa mazoea tu. Kiti cha mbele alikifungua na kukishona upya ili mgongo wake ulale hadi nyuma, kisha akakata godoro la sponji la ukubwa huo huo. Shemeji alipouliza watalala gesti gani, alikipiga kofi kile kiti.

"Hii hapa. Wewe utalala nyuma, kuna turubai."

Waliondoka Alhamisi alfajiri. Masharti yalikuwa mawili, mwendo usizidi sabini na hakuna kusimama bila sababu. Shemeji, aliyezoea kukimbizana na ratiba, aliendesha kama mtu aliyefungwa kamba. Kwenye mteremko wa kwanza mrefu alinyoosha mkono kwenye gia.

"Hapa natoa gia, gari linashuka lenyewe. Mafuta hayaliwi hata tone."

"Rudisha mkono."

"Shemeji, si unataka kubana matumizi?"

"Nataka kubana matumizi, sitaki kubana mbavu. Breki zikiungua utazinunua wewe?"

Mchana walipita mkahawa ambao shemeji aliufahamu vizuri. Aliomba kusimama, akidai chakula chake pale ni bure, na kitu cha bure hakivunji sharti. Mama Birika alimruhusu. Alirudi baada ya dakika nne.

"Vipi, mheshimiwa?"

"Yule meneja wa zamani hayupo."

"Na huyu wa sasa?"

"Ameuliza abiria wangu wako wapi. Nikamwonyesha wewe."

Mama Birika alimenya yai, akalichovya kwenye chumvi, akampa. Shemeji alikula akitazama pembeni. La pili aliliomba mwenyewe.

Usiku walilala kwenye uwanja wa kituo cha mafuta chenye taa na mlinzi. Asubuhi ya Ijumaa, wakiwa wamebakiza kilomita mia mbili na hamsini, dereva wa lori lililoegeshwa kando yao aliteremka akijishika nyonga. Kiti chake kilikuwa kimechanika hadi chuma kuchungulia. Mama Birika alikitazama kwa mbali, kisha akasogea kukitazama kwa karibu. Alikuwa na sindano ya kupinda, uzi wa nailoni na mabaki ya ngozi. Walikubaliana lita ishirini za dizeli.

Shemeji aliangalia saa yake. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro robo. "Tutachelewa."

"Mwisho ni saa kumi. Hata tukienda kinyumenyume tutafika."

Kazi ilichukua saa moja na nusu, kwa kuwa hakukubali kushona juu ya uchafu, akakifua kwanza. Dereva wa lori alikalia kiti chake, akajitikisa, akamwita mama mkwe. Lita ishirini zikaingia kwenye tangi. Kwa hesabu ya Mama Birika, mafuta ya kurudia sehemu kubwa ya njia yalikuwa yamepatikana, na kila noti ya cherehani ilikuwa bado ndani ya mfuko alioushonea kwenye sketi.

Walifika lango la kiwanda saa tano na robo.

Karani wa mauzo alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Alipokea barua, akaisoma, akairudisha juu ya meza.

"Mama, umechelewa. Tumefunga malipo saa nne."

"Saa nne ipi? Barua inasema saa kumi."

"Kumi hiyo ni ya kwenye simu." Alimwonyesha simu yake. "Hapa ikiandika kumi asubuhi, ndiyo saa nne."

Kulikuwa na mengine. Mnunuzi aliyekuwa wa pili kwenye orodha alishapigiwa simu. Angekuja Jumatatu, tena kwa bei ya juu. Ila kwa kuwa mama ametoka mbali, karani alisema, angeweza kusaidiwa. Aongeze sehemu ya kumi ya bei, iandikwe faini ya kuchelewa, na cherehani aondoke nayo.

Shemeji alimvuta pembeni, penye ndoo za mchanga wa kuzimia moto. Pesa za faini zilikuwepo. Zilikuwa zile zile zilizookolewa njiani, pamoja na za dharura.

"Lipa twende," alinong'ona. "Lita za yule mwenye lori ndizo zimetuponza. Kama tusingesimama, saa nne ingetukuta hapa."

"Najua."

"Basi lipa."

"Nikilipa nitakuwa nimekubali kwamba nimechelewa. Sijachelewa."

"Shemeji, cherehani inakwenda! Utarudi kushona kwa yule jirani na mdomo wake."

Hilo lilimgusa. Aliushika mfuko wa sketi kwa kiganja kizima. Kisha akarudi mezani na kuweka kidole kwenye barua, mstari mmoja juu ya ule wa malipo.

"Mwanangu, nisomee hapa."

"Ofisi ya mauzo hufunguliwa saa 2:00 asubuhi."

"Hii mbili ni ya kwenye simu au ya mdomoni?"

Karani alitazama karatasi.

"Kama ni ya kwenye simu, basi mnafungua saa nane usiku. Nani anakuwepo saa hizo? Mlinzi na paka?"

Mfagizi aliyekuwa akipangusa dirisha aliacha kupangusa.

"Tunafungua saa mbili, mama. Kila mtu anajua."

"Kumbe mstari huu umeandika kwa mdomo. Na unaofuata, kwa simu? Barua moja, kalamu moja? Mimi nimesoma Kiswahili kwa sababu ndicho ulichoniandikia. Saa kumi bado haijafika. Pokea pesa."

"Siwezi bila meneja."

"Yuko wapi?"

"Ana kikao. Sijui atatoka saa ngapi."

"Nitamsubiri hadi saa kumi. Yangu, si yako."

Alitoka nje. Kando ya lango, mahali ambapo kila gari linaloingia au kutoka lazima lipunguze mwendo, alishusha jiko la gesi, akaweka birika, akaketi juu ya dumu la maji. Mlinzi alikuja kumwondoa. Mama Birika alimuuliza kama anatumia sukari. Mlinzi alisema vijiko viwili, akaenda kuleta kikombe chake mwenyewe.

Ilipofika saa nane, mfagizi alikuwa amekwisha kuwasimulia wenzake wote habari ya mlinzi na paka. Wafanyakazi waliokuwa wakipakia mashine kwenye malori walipita mmoja mmoja kuitazama barua. Mmoja alisema yeye mwenyewe aliwahi kukosa usaili wa kazi kwa saa ya namna hiyo. Mwingine alimwambia karani kupitia dirishani kwamba amekuja kuchukua mshahara wa saa nane usiku. Shemeji, aliyekuwa amejificha ndani ya pikapu kwa aibu, alishuka kumimina chai. Hadi saa tisa yeye ndiye aliyekuwa akisimulia, na alisimulia kwa sauti ya kituo cha mabasi.

Meneja alitoka saa tisa na nusu. Alikuwa mtu mzima, miwani ikining'inia shingoni, na alitaka kujua kwa nini malori hayapakiwi. Mama Birika alisimama, akafuta mikono, akampa barua. Hakumwelezea chochote zaidi ya kusema, "Shikamoo. Soma mistari miwili hii, kisha uniambie sasa ni saa ngapi."

Meneja alisema marahaba bila kuinua macho. Alisoma mara mbili. Alitazama saa ya mkononi.

"Nani ameandika hii?"

Karani, aliyemfuata hadi langoni, alisema ni yeye.

"Mwandikie risiti."

"Na yule wa Jumatatu?"

"Mpigie. Mwambie iliuzwa ndani ya muda."

Ofisini, Mama Birika alihesabu noti mbele yao, kwa bei ile ile ya kwenye barua. Karani aliandika tarehe na kiasi, akagonga muhuri. Mama Birika hakuichukua risiti.

"Bado saa."

"Huwa hatuandiki saa, mama."

"Leo utaandika. Kwa ile ya mdomoni."

Kijana alitazama saa ya ukutani, midomo ikihesabu, kisha akaandika: saa 9:40 alasiri.

Cherehani ilipakiwa na watu sita, wanne kati yao wakiwa na chai ya mtu tumboni. Ilifungwa kwa kamba, ikatandikiwa lile godoro la sponji pande zote. Maana yake ni kwamba usiku huo Mama Birika angelala bila godoro, na shemeji bila nafasi nyuma. Kwa mara ya kwanza shemeji alilitamka neno gesti kwa heshima, kama mtu anayeomba.

"Tuna akiba, shemeji. Chumba kimoja kimoja tu."

Mama Birika alifikiri hadi walipofika barabara kuu. "Viwili," alisema. "Chakula, hapana. Viazi vipo."

Risiti imebandikwa karakana, juu kidogo ya cherehani, mahali ambapo mteja anayesubiri hana pengine pa kutazama. Fundi jirani alikuja Jumatatu. Alizunguka mashine, akabonyeza kanyagio, akasikiliza sindano ikipenya ngozi nne kwa pamoja. Yake hupita tatu.

"Umeipata kwa bei gani?"

"Ya kwenye barua."

Jirani alipapasa mshono kwa kidole gumba. Kisha akasema ana kazi ya viti vya basi zima, ngozi nene, na pengine wangeelewana kuhusu zamu.

"Njoo kesho saa kumi," Mama Birika alimwambia, bila kuinua mguu kwenye kanyagio. "Uulize kwanza ni ipi."