Maji Ambayo Mita Haikuyasikia

Mke wangu alifariki masika yakiwa yanaishia, tukamzika kwetu Kiriba, jirani na makaburi ya wazazi wangu. Matanga yalipokwisha, ndugu zangu walitaka nibaki kijijini. Kaka yangu alisema mtu wa umri wangu hawezi kukaa mjini peke yake akijipikia kama mwanafunzi wa bweni. Nikamjibu kwamba nina nyumba Makoko, na nyumba isiyolaliwa huharibika. Ukweli ni kwamba sikutaka kuamka kila asubuhi na kuuona ule udongo mpya. Nikarudi Musoma na begi moja, na unga wa muhogo alionifungia mke wa kaka.

Wiki za kwanza nilitafuta kazi za mikono. Nilikaza bawaba za mlango wa stoo, nikapaka chokaa ukuta wa jikoni, kisha nikageukia koki ya nyuma ya nyumba. Koki ile ilikuwa ikivuja tangu tuhamie. Ilitoa maji membamba kama uzi, yakiingia kwenye pipa la bluu ambalo mke wangu alilifunika kwa kitenge kikuukuu. Kila niliposema nitaita fundi, alinijibu, "Achana na koki yangu, Mwalimu. Mimi ndiye ninayeijua."

Nilifundisha shule za msingi zaidi ya miaka thelathini, na yeye aliniita Mwalimu hata tukiwa chumbani, hata akiwa amekasirika.

Basi nilinunua koki mpya nikaifunga mwenyewe. Haikuvuja hata tone. Nakumbuka nilisimama pale na spana mkononi, nimeridhika, kisha nikageuka kumtafuta mtu wa kumwonyesha.

Simu yake niliendelea kuichaji. Hapakuwa na sababu ya maana. Watu walikuwa wameacha kuipigia, ila kila mwezi uliingia ujumbe wa bili ya maji, maana mambo ya maji na umeme yalikuwa yake. Mwezi wa kwanza nililipa bila kusoma. Mwezi wa pili nilisoma, nikashangaa: yuniti sita. Nikarudi nyuma kwenye ujumbe wa zamani, wa wakati tulipokuwa wawili, na wa likizo wajukuu walipojaa nyumba nzima. Yuniti nne. Tatu. Nne.

Mimi naoga mara moja kwa siku. Nguo zangu hazijazi hata beseni. Nikajiambia kuna bomba limepasuka chini ya ardhi. Asubuhi moja nilifunga koki zote, nikageuza ndoo nikaikalia mbele ya mita, nikavaa miwani. Kwenye uso wa mita kuna kigurudumu chekundu, umbo lake kama nyota, kinachozunguka maji yakipita. Nilikitazama mpaka mgongo ukauma. Hakikusogea.

Nikaenda ofisi ya maji. Nilimkuta binti dirishani, akanipa shikamoo, nikaitikia, nikamweleza.

"Nyumbani mko wangapi, mzee?"

"Tuko..." nikasita. "Niko mwenyewe."

Akaandika kwenye fomu yake, akaniuliza kama majirani wanachota kwangu. Nikamwambia hapana. Hakujua kwamba neno lile, mwenyewe, nilikuwa sijalisema bado mbele ya mtu yeyote. Kijijini watu waliniambia wao, na mimi niliitikia kwa kichwa tu. Nilitoka mle nikatembea hadi Makoko kwa miguu, jua la saa sita, ingawa nilikuwa na nauli mfukoni.

Siku ya tatu alikuja fundi wao, mwanaume wa makamo mwenye sauti ya chini, na ndoo iliyochorwa mistari ya lita. Alikwenda moja kwa moja kwenye koki ya nyuma. Aliifungua yote, ndoo ikajaa mara moja, akaenda kusoma mita, akarudi.

"Lita ishirini zimeingia, lita ishirini zimesomwa," alisema. "Kwa hiyo haikuonei, mzee. Yuniti sita umezitumia kweli."

"Na zile tatu za zamani?"

Akaifungua tena ile koki, safari hii polepole sana, mpaka maji yakatoka membamba kama uzi. Aliniita twende kwenye mita. Maji yalikuwa yanatoka, tuliyasikia yakigonga ndoo kule nyuma, na ile nyota nyekundu ilikuwa imesimama kabisa.

"Mita hii imechoka," alisema. "Maji mengi inayasoma. Maji madogo haiyasikii. Wamama wengi wanajuaga. Anafungua kidogo hivi, anaacha pipa lijae taratibu, kesho yake ana pipa zima na mita haina habari."

Tulirudi nyuma kufunga koki. Alitazama pipa la bluu, akatazama koki mpya, na nadhani alielewa, maana alishusha macho.

"Mke wangu hakuwa mwizi," nikamwambia. Sauti ilitoka kali kuliko nilivyotaka.

"Sijasema hivyo, mzee wangu. Pole sana. Nitaandika mita ibadilishwe."

Alipoondoka nilikaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni. Kwanza nilikasirika. Mimi ni mzee wa kanisa. Nimewahi kusimama mbele ya waumini na kuzungumzia uaminifu katika mambo madogo, na yeye amekaa benchi la tatu ananitazama, ametoka kulitega pipa. Halafu hasira ikaisha ghafla, maana hapakuwa na wa kumkasirikia. Kilichobaki ni swali. Miaka yote ile, kwa nini hakuniambia?

Kuna mtu mmoja tu ambaye ningeweza kumuuliza. Nilipokuwa nafundisha Bunda tulipanga Kabasa, ukuta kwa ukuta na mama mmoja muuza dagaa, na yeye na mke wangu walikuwa kama waliozaliwa tumbo moja. Jumamosi iliyofuata nilikwenda. Nilimkuta nje ya nyumba yake akipepeta dagaa kwenye ungo. Aliacha kazi, akaniletea kiti, tukapeana pole upya. Nikamweleza habari ya mita.

"Kwani hukujua, shemeji?"

"Sikujua."

"Mimi ndiye nilimfundisha." Alisema bila kuona aibu. "Unaukumbuka mwaka ule ulipokwenda chuo kujiendeleza? Bili ilikuwa kubwa, maji yakakatwa hapa."

Niliukumbuka mwaka. Kukatwa kwa maji nilikuwa nimekusahau.

"Ulikuja wikiendi ukakuta koki kavu," aliendelea. "Hukumpiga wala kumtukana. Ulimkalisha mezani, ukampa daftari, ukamwambia awe anaandika kila ndoo anayotumia na kazi yake. Ndoo ya kupikia, ndoo ya kuogesha watoto. Ukirudi unakagua. Na kalamu nyekundu ulikuja nayo, shemeji."

Nilitaka kumkatalia. Lakini aliposema kalamu nyekundu niliiona meza, nikamwona mke wangu amekaa na mtoto mgongoni, na mimi nimesimama. Nilikuwa naona ninamsaidia.

"Aliandika miezi mitatu. Siku moja akaja kwangu akasema, dada, nachota maji kama naiba, bora basi niibe kweli. Tukacheka mpaka tukalia. Nikamwonyesha namna ya kufungua koki."

"Lakini baadaye mambo yalikuwa mazuri. Makoko hatukuwa na shida yoyote. Kwa nini hakuniambia hata huko?"

"Ungefanyaje?"

Alirudisha mikono kwenye ungo, akachambua dagaa.

"Ungemrudishia daftari," alisema mwishowe, na hakusema kwa ubaya. Kisha akaingia ndani kunipimia dagaa za kubeba, nikabaki nje natazama kuku.

Wakati wa kurudi nilikaa dirishani kwenye basi. Tulipopita njia panda ya kwenda Butiama, kwao mke wangu, nilikumbuka siku ya kwanza nilipokwenda kujitambulisha. Tulikuwa wageni watano. Yeye ndiye aliyetunawisha, na kwa kopo moja alitosheleza mikono yetu yote, anadondosha maji kidogo kidogo, na bado akabakiza. Mama yake alisema kwa kujivunia kwamba binti yake amechota maji mbali tangu akiwa mdogo, tone analijua thamani yake. Huyo ndiye niliyekuja kumpa daftari.

Fundi alirudi na mita mpya siku chache baadaye. Alipomaliza kuifunga nilimwomba afungue koki kidogo sana, kama siku ile. Nyota ya mita mpya ilianza kuzunguka, taratibu, haikosi hata tone. Alitabasamu akasema hii ni nzima. Nikamshukuru. Nilitaka kumwambia abaki anywe chai lakini alikuwa na nyumba nyingine za kwenda, nami nikamsindikiza hadi getini.

Jioni hiyo nilimpigia binti yetu, anayefanya kazi Dodoma. Kwa kawaida simu zetu zilikuwa fupi: hujambo, sijambo, umekula, nimekula. Nilimuuliza kama alijua habari ya koki ya mama yake.

Akacheka. "Baba, wote tulikuwa tunajua. Tulikuwaga tunaambiwa, mkiona Baba anaelekea nyuma ya nyumba, mleteeni hesabu awaelekeze. Ukianza kufundisha unasahau ulikokuwa unakwenda."

Nilikumbuka jioni hizo. Nilikuwa nikiwasimulia walimu wenzangu jinsi watoto wangu wanavyopenda hesabu.

Nikacheka nami, kwa kuchelewa. Yeye alipoacha kucheka nilisikia analia, nikamsubiri. Nyumba nzima walikuwa na siri moja, ndogo, ya kuchekesha, wakaishi nayo chini ya paa moja na mimi, na mimi nilikuwa mtu wa kuwekewa mlinzi. Nimekuwa mpweke tangu mazishi, lakini siku ile nilielewa kwamba mke wangu pia alikuwa na sehemu yake ya upweke, na mimi ndiye niliyeijenga, kwa mwandiko wangu mzuri wa kalamu nyekundu.

"Kuna mengine nisiyoyajua?" nikamuuliza.

"Yapo, Baba."

"Nisimulie."

"Si kwenye simu. Nikija Pasaka."

Alikuja kweli, siku nne. Alipika sato wa kuchemsha na ugali wa muhogo, tukakaa barazani, akanisimulia. Mengine yalinichekesha, mengine yaliniuma, na mawili yalinifanya niinuke nizunguke uani kidogo kabla ya kurudi kitini. Mara kadhaa nilitaka kumsahihisha, kumwambia haikuwa hivyo, ilikuwa mwaka mwingine. Nilifunga mdomo. Nadhani aliona, maana siku ya mwisho aliniambia, "Baba, siku hizi unasikiliza." Nikamuuliza saa ya basi.

Nilimpeleka stendi asubuhi, nikasimama mpaka basi lilipokata kona. Nyumbani nilikuta ameniachia samaki kwenye sufuria, kafunika na sahani, akaweka jiwe juu kwa ajili ya paka. Samaki yule nilimla siku mbili, nikimpasha moto kidogo kidogo ili asiishe haraka.