Zuwena Nisiyemkumbuka

Habari za Zuwena Mwinyimadi nilianza kuzisikia sebuleni kwangu, hapa Kongowe ya Kibaha. Aliyekuwa akizisema ni mjukuu wangu Tunu, anayekaa kwangu tangu amalize chuo. Kazi yake ni kutengeneza programu za simu pamoja na vijana wenzake. Wamepanga chumba kule Tumbi, lakini siku nyingine hufanyia kazi nyumbani, kompyuta mapajani, simu sikioni.

"Zuwena hawezi kuona maandishi madogo hivyo," alikuwa akiiambia simu. Halafu kimya. "Hapana, Brighton. Hapo Zuwena atapotea. Akipotea ataizima simu aiweke kabatini, basi tena."

Mimi nilikuwa nachambua mchele. Nikauliza, "Zuwena gani huyo?"

"Zuwena Mwinyimadi, Bibi. Wa Kisarawe."

"Mtu mzima?"

"Ana miaka sitini na nane. Mjane. Ana mikorosho yake, ana sukari, ana presha, macho yanamsumbua. Halafu anasahau siku za kliniki." Hakuinua uso. Vidole vilikuwa vinakimbia.

Sasa ni lazima niseme mimi ni nani, maana bila hivyo jambo hili halitaeleweka. Kisarawe ndiko nilikozaliwa, nimetoka kule kwa kuolewa. Darasa la saba nimelimaliza kwa haki, na mwalimu wetu alikuwa akinisimamisha niyataje majina ya darasa zima bila yeye kufungua rejesta. Watu wa kwetu wakitaka kujua fulani ni mtoto wa nani, na nani alimwacha nani akaolewa na nani, huja kwangu. Mtu wa Kisarawe wa miaka sitini na nane ni mtu niliyemwona akitambaa. Nikamtafuta Zuwena kichwani. Mwinyimadi niliwakumbuka wawili: mmoja alizaa wanaume watupu, mwingine alihamia Mlandizi na binti zake, na hakuna hata mmoja aliyeitwa Zuwena. Nikarudi tena nyumba kwa nyumba. Hayupo.

"Aah," nikasema. "Zuwena! Namjua sana."

Tunu akacheka, akaendelea na kazi yake. Nami nikaendelea na mchele, lakini mawe sikuyaona tena.

Usinione mtu wa kuhangaika bure. Dada yangu mkubwa alianza hivihivi. Kwanza alimsahau mtu mmoja, tukacheka. Mwisho akawa ananiita mimi mama.

Na wakati wenyewe ulikuwa mbaya, kwa sababu ya Faraji. Faraji ni mjukuu wa kaka yangu Maulidi, kijana mwenye adabu, ila mdomo anao. Amempenda Salama, binti wa Kisarawe, na posa imepokelewa. Ghafla yakazuka maneno kwamba wawili hao wamenyonya ziwa moja. Faraji alipozaliwa mama yake alilazwa, hajitambui, na mtoto akanyonyeshwa na mwanamke wa jirani. Wakati ule wazazi wa Salama walikuwa wamepanga hapahapa Kongowe, nyumba ya pili, na mama yake Salama alikuwa na mtoto wake wa kwanza, mchanga. Kama ni yeye aliyemnyonyesha Faraji, basi Salama ni dada yake, na ndoa ni haramu. Wazazi wote wawili wa Salama wameshatangulia mbele ya haki. Katika waliokuwa ndani ya nyumba hii, alimolelewa Faraji siku zile, nimebaki mimi.

"Mke wangu," Faraji alikuja kuniambia, maana wajukuu ndio waume zetu, "neno moja tu kutoka kwako."

"Yaani unaniletea mke mwenza, halafu nikupe ruhusa mimi mwenyewe?"

"Wewe ndiye mkubwa. Yeye atakuwa anakuchotea maji."

"Njoo na wazee Ijumaa baada ya sala. Nitalisema mbele yao."

Nilikuwa nalijua neno lenyewe. Ningeweza kulisema palepale mlangoni. Nilitaka tu lisikike na watu wazima.

Lakini kila siku, Zuwena. Zuwena hapendi kuandika neno la siri. Zuwena akiona rangi nyekundu ataogopa. Zuwena simu yake anaishika mjukuu. Nikajiambia, Biasha, nenda kwenu ukamjulie hali huyu mgonjwa. Ukimwona sura utamkumbuka. Mgonjwa wa sukari humpelekei sukari, kwa hiyo nikafunga unga wa ulezi, nikaenda Kisarawe kwa Mwamini, mtoto wa mama yangu mdogo.

Mwamini na mimi tumekua pamoja, na tangu utoto tunashindana nani anakumbuka zaidi. Alinipikia mihogo. Tulipomaliza kuulizana ya nyumbani, nikamchokoza polepole.

"Hivi Zuwena Mwinyimadi anaendeleaje?"

Mwamini akaokota ganda la muhogo. "Zuwena?"

"Mjane. Mwenye mikorosho. Ana sukari."

"Aah, Zuwena!" akasema. "Yupo, maskini. Macho ndiyo yanamsumbua."

Macho sikuyataja mimi.

"Yule mrefu, mweusi," akaendelea. "Mumewe si alikuwa na baiskeli? Dada Biasha, usiniambie umemsahau! Alikuwa nyuma yako shuleni."

"Nimsahau vipi? Nauliza tu nyumba yake, nikamwone."

"Hutamkuta. Amekwenda kwa mwanawe Dar. Huo ni unga? Lete, nitamfikishia."

Nikampa unga. Ningefanya nini? Nilirudi Kongowe najiuliza ni wangapi wengine wameshadondoka kichwani mwangu bila mimi kusikia kishindo. Mtu mzima mrefu, mwenye mume na baiskeli, ameanguka mzimamzima. Sasa yule mwanamke aliyemnyonyesha Faraji, ninayemwona mpaka rangi ya kitenge chake, ni wa kweli? Au nimemweka mimi?

Ijumaa wakaja. Kaka yangu Maulidi, Faraji, na Mbaraka, mjomba wake Salama, aliyetoka Kisarawe. Mkeka ukatandikwa. Wakanitazama.

"Sikumbuki," nikasema.

Faraji akacheka. "Mke wangu ana wivu huyu."

"Sitanii, Faraji. Sikumbuki. Nikisema kitu hapa mkaja kukuta ni uongo, mtakuwa mmemwoza mtu dada yake. Msinitegemee."

Maulidi akakohoa. Mbaraka akasema kwa upole kwamba palipo na shaka ya ziwa ni bora kuacha, na kwamba ataipeleka taarifa nyumbani. Faraji alivaa viatu vyake mlangoni, kimoja akakivaa mguu sio, akaondoka hivyo hivyo.

Tunu alinisemesha jioni ile, nikamwambia kichwa kinaniuma. Baada ya siku chache akaja na jipya.

"Bibi, kesho twende wote Tumbi ofisini kwetu. Tunataka ujaribu kitu. Tunahitaji mtu mzima kama wewe."

Nikajua wamegundua. Wananipeleka kupimwa akili. Nikaoga, nikavaa khanga zangu za Idi, na njia nzima nikawa nayataja kimoyomoyo majina ya darasa letu, dawati kwa dawati.

Chumba chenyewe kiko ghorofani, juu ya duka la mabati. Huyo Brighton niliyekuwa namsikia kwenye simu kumbe ni kijana mwembamba, mpole, shikamoo yake ya kuinama.

"Marahaba. Anza kunipima."

"Hatukupimi wewe, Bibi," akasema. "Tunaipima simu. Ukikosea, aliyekosea ni sisi."

Hilo nalo sikulielewa. Shuleni kwetu aliyekosea ndiye aliyechapwa, hatukuwahi kuona ubao unachapwa. Halafu hiyo simu yenyewe haikuwepo! Akaweka mezani karatasi iliyochorwa simu.

"Bonyeza unapotaka, Bibi."

"Nibonyeze karatasi?"

"Ndiyo. Tunataka uweke siku yako ya kliniki."

Nikamtazama Tunu. Ameshika kalamu, hacheki. Nikabonyeza. Brighton akaichomoa ile karatasi haraka kama mcheza karata, akaweka nyingine yenye picha ya kalenda. Nikabonyeza tena, akachomoa tena. Mimi nabonyeza, yeye anachomoa, watu wazima tuko mezani tunafanya mchezo huo, na hakuna anayeona haya.

"Mbona mnanichezea na karatasi?" nikauliza.

"Ya karatasi tukiiharibu tunachora nyingine," akasema Tunu. "Ya kweli tutaijenga ukishatuonyesha tulipokosea."

"Kitu kimoja, Bibi," akaongeza Brighton. "Chochote unachokifikiri, kiseme kwa sauti. Usikifiche hata kama unaona hakina maana."

Kwetu anayesema peke yake yaliyo kichwani tunajua amefikia wapi. Lakini nilikuwa nimechoka kuficha, na kijana mwenyewe ameomba kwa adabu. Nikasema.

"Nafikiri mmeniona nimechanganyikiwa. Nafikiri hicho kidude chekundu sijui ni cha nini, nakiogopa. Nafikiri..." Nikainua macho kupumzika, na ukutani kulikuwa na picha ya mwanamke aliyejifunga kilemba, chini yake maandishi makubwa. "Nafikiri yule pale ameandikwa Zuwena Mwinyimadi, na wallahi sijapata kumwona maishani mwangu."

Tunu akaweka kalamu chini. "Bibi, si ulisema unamjua? Nikadhani unatania."

"Nimemsahau, mwanangu. Kila mtu anamkumbuka, mimi nimemsahau."

"Hayupo, Bibi."

"Amefariki lini?"

"Hajafariki. Hajawahi kuwepo. Tumemtunga."

Wakanieleza, na nitaandika nilivyoelewa. Walizunguka wakaongea na wazee wengi, huyu analalamika macho, yule anasahau dawa, mwingine simu anaishika mjukuu. Wakachukua kipande kwa huyu na kipande kwa yule, wakamshona mtu mmoja, wakampa jina na mikorosho. Kila wanapotaka kuchora kitu wanajiuliza, je, Zuwena ataweza? Ili wasijichoree wao wenyewe wenye macho mazima.

"Na picha?"

"Ya kwenye mtandao," akasema Brighton. "Hata nchi yake hatuijui."

"Sasa Mwamini anamjuaje?"

Nikawaeleza baiskeli ya marehemu mumewe, na mwana aliye Dar, na unga wa ulezi. Tunu alicheka mpaka akalala juu ya meza, karatasi zote zikamwagika. Kisha akanyanyuka ghafla.

"Bibi. Ndiyo maana Ijumaa ulisema hukumbuki?"

Nilikuwa namtazama yule mwanamke ukutani. Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi, lakini pia nilikuwa kama mtu aliyefiwa na asiye ndugu yake. Nikasema, "Mpigie simu Faraji. Mwambie arudi na wazee."

Walirudi, Mbaraka uso wake ukionyesha kwamba hakutaka kurudi.

"Aliyemnyonyesha Faraji ni Hadija, mke wa fundi baiskeli, Mungu amrehemu," nikasema. "Alivaa kitenge cha njano. Mama yake Salama hakuwepo hapa. Alikuwa Dutumi kwenye msiba wa baba yake, na mtoto wake mgongoni, akakaa mpaka arobaini. Aliporudi, Faraji alishakuwa kwa mama yake."

"Shangazi," akasema Mbaraka, "wiki iliyopita hukukumbuka. Leo umekumbuka?"

Ikabidi nimweleze habari za Zuwena. Nilieleza vizuri kadiri nilivyoweza, Tunu akinisaidia. Mwisho Mbaraka akauliza, "Kwa hiyo huyo marehemu alikuwa ni nani kwenu?"

"Si marehemu. Hajazaliwa."

Maulidi akamwambia Faraji alete maji ya kunywa.

"Mbaraka," nikasema, "nilitoka kumwona mama yake Faraji hospitalini nikaja Dutumi siku hiyohiyo kwenye maziko ya baba yako. Wewe ulifika umechelewa, umevaa kaptura ya shule, umelia mpaka dada yako akakuchukua, akakupakata pamoja na mwanawe. Ulikuwa mkubwa tayari, miguu inaburura chini."

Mbaraka aliinamisha kichwa. "Kweli," akasema. "Dada alikuwa kule. Arobaini yote alikuwa na sisi. Sikupata kuunganisha na huku." Akajifuta uso kwa kofia yake. "Mwozesheni kijana."

"Mke wangu!" Faraji akaniambia, akanishika mikono yote miwili. Nikamwambia aniache, avae viatu sawasawa.

Harusi ilifanyika Kisarawe. Nilikwenda nimeshaandaa maneno ya kumwambia Mwamini, tena mbele za watu, kwa sauti. Nilimkuta jikoni na akina mama, anachambua mchele, mawe yanampita mbele ya macho haoni. Aliponiona akanivuta pembeni.

"Dada Biasha, Zuwena hakuweza kuja. Presha imempanda."

Nikafungua mdomo. Alikuwa ananitazama machoni, anangoja, kama mimi nilivyomtazama Tunu siku ile ya mchele nikisema namjua sana.

"Pole yake," nikasema.

"Ila anakushukuru kwa unga. Anasema uji wake ulikuwa mzito vizuri."

"Msalimie," nikamwambia, nikakaa chini tukachambua pamoja.