Masizi Yasiyotoka

Wakichoma mashamba ya miwa Kidodi kabla ya kukata, masizi hayachagui nyumba. Yanatua kwenye nguo, kwenye ugali, mpaka masikioni mwa watoto. Kwa hiyo nilipoona madoa meusi shavuni kwa mjukuu wangu, wa mwaka na kitu, nilichukua beseni na dodoki. Mama yake, mke wa mwanangu, alikuwa sokoni anauza nyanya.

Nikasugua. Doa likagoma. Nikasugua tena huku nikiwasema wachoma miwa. Jioni yale madoa yalikuwa mabaka ya duara, mekundu ya kuiva, usoni na miguuni, na nyayo zimevimba.

Mkwe wangu aliporudi alimtazama mtoto, kisha akalitazama dodoki. Jirani ndiye aliyeuliza: "Bibi, umempiga mtoto?" Nikaanza kuiogopa mikono yangu mwenyewe.

Asubuhi tukampeleka hospitali Mikumi. Njiani nilinyoosha mikono nimpokee mtoto. Mkwe akasema, "Acha tu, mama." Iliniuma sana.

Daktari, binti mdogo kuliko mwanangu, aliniamkia kabla hajaketi. Akabonyeza mabaka kwa glasi aone kama wekundu utapotea, hayakufifia. Akashikashika tumbo, akaagiza vipimo vya damu na mkojo. Akauliza kama mtoto aliugua mafua karibuni. Ndiyo, aliugua. Kilichomfikirisha ni mtoto mwenyewe: ngozi inatisha, mwenyewe anacheka na kumvuta miwani. Wakatulaza, wahakikishe si maambukizi mabaya ya damu.

Majibu yalipotoka akatuita. "Ni mishipa midogo ya damu kwenye ngozi ndiyo imevimba. Ni ugonjwa wa nadra, unawapata watoto wadogo kama huyu, mara nyingi baada ya mafua. Wiki chache utaisha wenyewe, ila mtamrudisha nimwone." Halafu akamgeukia mkwe wangu. "Si kipigo, wala si dodoki. Bibi hajamfanya kitu."

Nililia, jamani, mtu mzima mimi. Mpaka leo nikisali namtaja binti yule, maana hilo la mwisho hakuna aliyemuuliza. Aliliona tu kwenye nyuso zetu.

Tulipotoka getini mkwe wangu alisimama. Akafungua khanga, akanigeuza, akamweka mtoto mgongoni kwangu na kukaza fundo.

"Twende nyumbani, mama," akasema.