Njano Isiyotaka Kutoka

Mtaani walimwita Mama Picha, na macho yake hayakupitwa na kitu. Mtoto wa jirani akikohoa, yeye ndiye asiyelala. Binti yake wa darasa la tatu hakuvuka mlango kabla ya kukaguliwa kucha, masikio na soli za viatu.

Kazi yake ilikuwa kupiga picha na kuzirekebisha rangi kwenye kompyuta. Chumba chake kilikuwa na pazia la njano, kwa hiyo kila aliyepigwa humo alitoka kama amepakwa manjano ya jikoni. Mama Picha alivuta rangi kidogo kuelekea bluu, njano ikatoka, mteja akarudishiwa uso wake. Kubadilisha pazia hakukumjia akilini. Dawa si anayo?

Kila Jumapili alimpiga binti picha, akaisafisha, akamtumia baba mtu aliyekuwa kazini mbali. Baba akajibu: "Mwanangu anang'aa!"

Siku moja wifi yake alikuja kumsalimia, akamkuta mtoto kajilaza kwenye kochi.

"Wifi, mbona macho ya mtoto yana njano?"

"Pazia hilo. Hata wewe hapo ulipo umekuwa wa njano."

"Mimi? Thubutu! Na chakula anakula?"

"Anadeka tu huyo."

Wakacheka. Wahenga walisema macho hayana pazia; ya Mama Picha yalikuwa nalo.

Kisha shule ikampa kazi ya kupiga picha ya darasa la binti yake. Akawapanga uwanjani, mchana kweupe. Alipofungua kompyuta, alitafuta uso wa mwanawe kwanza, na mama gani asingefanya hivyo? Njano. Akavuta. Bado njano. Akavuta tena, na tena, mpaka binti akapendeza. Akachapa picha, akazipeleka shuleni kwa madaha.

Mwalimu akaisogeza picha mbali na macho, akairudisha karibu.

"Mama, hawa watoto umewaopoa kisimani?"

"Kwa nini, mwalimu?"

"Mashati bluu, meno bluu, mimi mwenyewe kama maiti. Mzima hapa ni wako peke yake!"

Mama Picha akaichukua picha ajibu, maana jibu hakuwahi kulikosa. Jicho lake likaangukia mashati. Siku ile yalikuwa meupe, yeye mwenyewe aliwasifu. Kumbe ili mmoja awe sawa, ilibidi darasa zima liharibike.

"Niitie mwanangu," akasema.

Akamsimamisha juani, akamvuta kope ya chini. Hapakuwa na kitu cha kusingizia.

Zahanati walimtoa damu, wakamtafutia kitanda.

"Ni ini," daktari akasema. "Mmewahi, atapona. Ila niambie, mama, hii njano ilianza lini?"

Mwanamke aliyekuwa akihesabu hata chafya za watoto wa watu akainamisha kichwa.

"Sijui, daktari. Kila ikitokea, nilikuwa naitoa."

Daktari akaacha kuandika.